Milango kumi ya Mabatini, na ule wa saba nilioupaka rangi mwenyewe

Wakuu, nawasalimu wote mlioko humu, wa Arua, wa Koboko, na nyie mliotupa kisogo mkaenda mbali.

Mimi huwa nasoma nyuzi za wenzangu nanyamaza. Leo naandika. Ninayoyasema ni ya kweli, na pale ukweli utakaponiaibisha sitapunguza, maana hapo ndipo penyewe.

Kilichonichokoza ni uzi wa kijana mmoja wiki iliyopita. Anausifu mtaa wake mpya wa pembeni ya mji. Viwanja vinaisha, nyumba za kupanga zinaota kama uyoga. Akasema mtaa ule unafaa hasa kwa wanajeshi na wataalamu wanaosafiri muda mrefu.

Nikacheka peke yangu.

Kijana, hiyo biashara niliianza mimi. Sabini na mbili. Baba yako alikuwa hajaota ndevu.

Mimi ni mtoto wa Dranya, kule Koboko. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Lakini niwaambie, wenye vyeti wa wakati ule walikuja kunipigia magoti wapate chumba. Nilianza kwa kuchoma tofali. Mikono yangu hii haina alama za vidole mpaka leo, ziliishia kwenye udongo.

Nikanunua kipande cha ardhi nje ya Arua, njia ya kwenda Koboko. Watu walikuwa wanapaita "kule porini". Majirani wote waliezeka kwa nyasi. Mimi nikaezeka mabati. Jua likipiga, nyumba yangu ilikuwa inaonekana toka mbali kama kioo.

Mtaa ukapata jina: Mabatini. Na mimi nikaitwa Bwana Mabati. Hilo jina sikupewa na serikali wala na mzazi. Nililichoma mwenyewe kwenye tanuri.

Nilijenga mstari mmoja, vyumba kumi, milango kumi inatazama barabara.

Sasa kwa nini askari? Sikilizeni, hii ni akili ya biashara, hamtaipata chuoni. Wakati ule watu wetu wengi walikuwa jeshini. Askari ana nyumba ya kambini, ndiyo, lakini anataka pia mahali pa kumweka mke wa pili, au mama yake akija toka Ludara. Anataka karibu na mji, lakini siyo chini ya macho ya mkubwa wake.

Na kwa nini wasafiri? Mtu anayekaa safarini miezi mitatu anataka kitu kimoja tu: akirudi akute kitanda chake. Na mwizi gani ataingia kwenye mstari wa askari? Kwa hiyo nikapanga kuwachanganya. Askari analinda, msafiri analipa hata akiwa hayupo.

Lakini kilichoniletea sifa hasa ni milango.

Mke wangu, Mama Zubeda, ni wa ukoo wa askari, Wanubi wa Arua. Babu yake alikuja na bunduki toka Sudan, baba yake alistaafu koplo. Yule mzee alikuwa na kibao cha cheo chake juu ya mlango hadi siku anakufa. Wajukuu walikuwa wanapiga saluti kwanza ndiyo waingie kula.

Hapo nikapata akili. Nikapaka cheo kwenye kila mlango, herufi kubwa nyekundu. Mlango wa kwanza, karibu na barabara: KAPTENI. Wa pili LUTENI. Nikashuka hivyo hivyo, sajini meja, masajini, makoplo, mpaka wa kumi, uliokuwa jirani na choo, huko nikamweka askari wa kawaida.

Wakuu, ilishika kama moto! Askari anapenda kusomwa. Wageni walitoka Koboko kuja kuangalia tu.

Na mtu akipandishwa cheo, alihama mlango. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Koplo akiwa sajini, kitanda kinabebwa, sufuria zinabebwa, wanawake wanapiga vigelegele, Mama Zubeda anachemsha chai ya tangawizi kwa mtaa mzima. Utani ndiyo usiseme.

"We mlango kumi! Leo hewa iko namna gani huko?"

"Afande, iko tamu. Karibu ukae."

Nilikuwa nasimama katikati ya ule uwanja, mikono nyuma, najiona kama mimi ndiye ninayegawa vyeo.

Sasa naingia kwenye yenyewe.

Sajini wa mlango wa saba alihamishiwa kusini akaondoka na familia yake. Mlango ukabaki. Wiki mbili, tatu, hakuna sajini anayetaka chumba. Ndipo akaja mtu mmoja na lori la mtambo, mrefu, mkimya, viatu vyote tope. Jina lake Okiror, Mteso, mtu wa mashariki. Kazi yake kuchimba visima vya pampu, Lurujo, Ludara, Dranya, vijiji vyote vya huko.

"Bwana Mabati, nasikia iko chumba."

"Iko moja. Namba saba."

Akasoma mlango. "Hapa inasema sajini. Mimi hapana askari. Mimi iko mutu ya maji."

Nikamwambia, "Mshahara wako wa sajini, heshima yako ya sajini. Hayo maandishi ni mapambo. Ingia ulale."

Akaingia.

Sikupata mpangaji kama yule tena. Hakunywa, hakugombana. Chumbani alikuwa na kitanda, taa, na makopo. Makopo ya maziwa yaliyokwisha, amepanga ukutani kama duka. Ndani ya kila kopo kuna udongo. Kila alipochimba alichukua udongo kidogo, akaandika kwenye karatasi jina la kijiji na futi alizofika, akaibandika kwa gundi. Mama Zubeda alimuuliza, "Shemeji, unafuga udongo?" Akajibu, "Mama, hii ndiyo barua zangu. Udongo unaniambia maji iko wapi."

Na kisima cha kijijini kwetu Dranya alikichimba yeye. Mama yangu mzazi alikuwa anatembea saa nzima kwenda mtoni. Baada ya Okiror, alitembea hatua arobaini. Mama alikuwa anamwombea kwa jina kila alipojaza mtungi.

Kumbukeni hilo. Mimi silisahau.

Siku moja, mvua zilikuwa zimefifisha herufi, akanikuta nachanganya rangi uwanjani. Akachuchumaa karibu nami.

"Bwana Mabati, yangu usipake. Futa kabisa."

"Kuna nini tena?"

Akaniambia taratibu, anachora chini kwa kijiti. Kaka yake alikuwa mwalimu, kwao Teso. Askari walimchukua sokoni mchana kweupe. Mama yao akawa anapika, anapeleka chakula kambini. Siku tisa. Kila siku wanapokea sahani, kila siku wanarudisha sahani tupu. Siku ya kumi wakamwambia, mama, huyo mtu wako hajawahi kuwepo hapa.

"Mama akisikia nalala nyuma ya hii neno," alisema, "hataniita mtoto tena."

Nikamwambia, "Nitafuta, ndugu yangu. Nakuahidi."

Na nilikusudia kufuta, wakuu. Kesho yake alikwenda Lurujo na mtambo. Mimi nikachukua chokaa na brashi. Yule kapteni wa mlango wa kwanza alikuwa amekaa nje ananyoa ndevu. Akanitazama kwa kioo.

"Mabati, unafanya nini?"

"Nafuta hii, afande. Mwenyewe ni raia."

"Ukifuta, mstari unakuwa na pengo kama mdomo ya mzee. Sisi tulihamia kwa sababu ya mstari."

Basi. Neno moja tu la mtu ananyoa ndevu. Nikarudisha chokaa, nikachukua nyekundu, nikaipaka SAJINI upya. Tena niliipaka vizuri kuliko zote, naogopa kapteni asije akaona nina kinyongo.

Okiror aliporudi baada ya miezi miwili alisimama mbele ya mlango na begi begani.  Alikwenda sokoni akanunua gunia, akalipigilia misumari juu ya zile herufi.

Upepo ukivuma gunia lilipepea, na neno likawa linachungulia.

Kila nikipita namwambia, "Nitafuta, nasubiri tu kapteni ahamishwe." Yeye anatikisa kichwa. Miaka ikaenda hivyo. Mimi nikaongeza ng'ombe, nikanunua redio kubwa, nikawa mtu.

Sabini na tisa ikafika.

Hamhitaji mimi niwahadithie vita vilivyoiangusha serikali. Redio ilisema hivi, asubuhi yake ikasema vile. Kisha wale wapangaji wangu walianza kupita, lori moja moja, wanaelekea Koboko na mpaka wa Sudan. Kapteni alivua magwanda uwanjani kwangu, akavaa kanzu ya jirani ambayo ilikuwa inamfika magotini. Milango tisa ikawa tupu ndani ya siku mbili. Vyeo vyote vikabaki vinatazama barabara, watu hawapo.

Okiror alikuwa ametoka Ludara wiki hiyo. Mimi nilikuwa napakia lori kwenda upande wa Congo. Nikamwambia, panda, twende.

Akasema, "Mimi niende wapi? Mimi raia. Kazi yangu ni maji. Kila serikali inakunywa maji."

Kisha akasema, "Nipe rangi nyeupe tu. Nifute mwenyewe sasa."

Rangi nyeupe ilikuwa stoo.

Wakuu, ndani ya stoo kulikuwa na mabati mapya sitini. Nilikuwa nimeyaficha kwa ajili ya mstari wa pili. Barabarani kulikuwa na watu wengi, wengine wameanza kubeba vitu vya watu. Nikawaza, nikifungua huu mlango wakayaona mabati, nimekwisha.

Nikamwambia, "Stoo imefungwa. Ufunguo sijui umepotelea wapi."

Ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu, umefungwa kwenye kitambaa. Nilikuwa nauhisi wakati naongea.

Alinitazama kidogo. Akasema, "Sawa, Bwana Mabati. Safari njema." Akanisaidia kufunga turubai la lori.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Yaliyofuata nilihadithiwa na jirani yetu, bibi mmoja mkulima wa muhogo, Mama Driciru. Yeye alikataa kukimbia, alisema miguu yake haina ruhusa. Alisema walikuja watu wenye bunduki, mchana. Kina nani hasa, hakujua, wakati ule kila mwenye bunduki alijiita serikali. Wakapita mlango mmoja mmoja wanasoma kwa sauti, wanapiga teke. Kapteni, hayupo. Luteni, hayupo. Walipofika wa saba wakamkuta mtu ameketi anasafisha spana zake.

Akawaambia, "Mimi mutu ya maji."

Mmoja akainua gunia. Akasoma. Akawaita wenzake, wakacheka.

"Wengine wameacha vyeo vyao wazi," akasema, "huyu anaficha chake."

Okiror akaanza kuwaonyesha makopo. Hawakuangalia. Walimpandisha kwenye gari na spana mkononi. Hakuonekana tena, wala mwili haukuonekana.

Nilirudi baada ya miezi. Mabati ya stoo yalikuwa yamekwenda yote sitini. Ya juu ya nyumba nayo yamekwenda. Walichoacha ni kuta, milango michache, na makopo ya udongo, maana nani ataiba udongo? Mama Zubeda aliyaokota moja moja akayaweka kwenye sanduku lake la nguo.

Nikaanza kujenga tena. Mimi si mtu wa kulia.

Siku moja nikiwa nachanganya udongo, akaja mtu wa makamo, mgeni, suruali imekunjwa vizuri. Alisema ni binamu yake Okiror, ametumwa na mama mzazi wa Okiror. Kuuliza tu.

Nilimpeleka. Alisimama mbele ya mlango wa saba. Gunia halikuwepo tena, na rangi yangu ilikuwa nzuri, haijafifia hata kidogo.

Akaniuliza, "Alikuwa askari?"

Wakuu, hapa ndipo nawaomba msome polepole.

Nilijua jibu. Lakini nikisema hapana, ataniuliza, basi nani aliandika? Nikisema mimi, ukoo mzima utakuja kudai damu kwangu. Nilikuwa sina paa. Nilikuwa na watoto watano.

Nikamwambia, "Si umeona mlango."

Alishukuru. Aliondoka bila kunywa maji.

Mama Zubeda alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, amesikia. Siku ile hakunipikia. Kesho yake alipika, lakini aliniambia, "Baba Zubeda, baba yangu aliua watu vitani na alilala usingizi. Wewe umeua na brashi, tutaona utalala namna gani." Na kila mwaka, wakati wa kuanika nguo za sandukuni, aliyatoa yale makopo akayapanga juani mbele yangu.  Alipanga tu.

Nikatajirika upya, hilo nitasema kwa sababu ni kweli. Nyumba kumi zikawa ishirini na nne. Mlango ule wa saba niliuvua nikauweka darini. Sikuuchoma. Sijui kwa nini.

Mama Zubeda alipofariki, kwenye sanduku lake makopo yalikuwa juu ya sanda aliyojinunulia. Nikaelewa ananituma.

Nilipanda basi mpaka Teso. Makopo kwenye gunia mapajani, mlango juu ya basi. Kondakta alinitania, "Mzee, wengine wanasafiri na kuku, wewe na nyumba?" Sikucheka.

Kwa kuuliza njia nilifika kwao Okiror, nikamkuta dada yake, jina lake Amoding, mwanamke mzima mwenye mvi, anapepeta ulezi. Alinipa kiti. Nilimweleza yote, kapteni, gunia, ufunguo kiunoni, yule binamu. Nilisema yote bila kusimama kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea.

Hakulia. Alikuwa anaendelea kupepeta. Mwisho akaweka ungo chini.

"Mama hakumlilia," alisema. "Alipopata habari ya mlango alisema, mwanangu mmoja alichukuliwa na askari, mwingine akawa askari, basi nina maiti moja tu. Alikataza jina lake lisipewe mtoto wa nyumba hii. Mpaka anakufa alikuwa ananiuliza kitu kimoja: Amoding, unadhani naye alikuwa anakula chakula cha kina mama wengine?"

Nilikaa natazama ulezi kwenye ungo. 

Akafungua gunia akatoa kopo moja. Karatasi imekuwa ya njano, lakini mwandiko unasomeka: Dranya, futi themanini. Akamimina udongo kidogo kiganjani, akaunusa.

"Huu ni mwandiko wake," alisema. "Mzee, ungeleta kopo hili moja wakati mama yuko hai. Hata usingesema kitu. Ungeliweka tu hapo na kuondoka."

Aliyabeba makopo yote ndani, kwa mikono yake, mara tatu anaingia na kutoka. Nilitaka kumsaidia akanizuia kwa mkono.

Kisha akatazama mlango uliokuwa umeegemea ukuta.

"Huo rudi nao. Hapa kwetu hakuna mtu wa cheo hicho."

Nilirudi nao.

Sasa uko chumbani kwangu, umeegemea ukuta mkabala na kitanda. Watoto wanasema, mzee, tupa hiyo takataka, una nyumba ishirini na nne. Sitaupaka chokaa. Aliyetaka ufutwe aliniomba mara mbili, wakati kufuta kulipokuwa na maana.

Kijana wa ule uzi, mtaa wako utakua, sina wasiwasi. Wanajeshi watakuja, na wasafiri watakuja, kwa sababu zilezile za wakati wangu. Pesa utapata. Lakini mtu akikukabidhi kitanda chake akasafiri, amekukabidhi na jina lake. Na akikuambia kitu fulani kifutwe, weka chini unachofanya ukafute saa hiyohiyo, hata mkubwa gani ananyoa ndevu pembeni.

Mimi nilijifunza hilo baada ya mama wa Okiror kuzikwa. Hainisaidii kitu.

Na kama humu ndani kuna mtu wa ukoo ule, au mtu wa Lurujo, Ludara au Dranya ambaye bado anateka maji kwenye pampu zile za zamani: aliyezichimba hakuwa sajini. Hakuwa askari hata siku moja. Alikuwa fundi wa maji. Ile nyekundu ni mkono wangu.

Uwanja ni wenu, wakuu. Mwenye kunitukana anitukane, nitasoma yote. Ila mwenye kumbukumbu yoyote ya Okiror, hata kidogo, hata alivyokuwa anatembea, naomba aiandike hapa chini. Amoding ana mjukuu anayejua kusoma.